Namna ya Kuhifadhi Kumbukumbu za Rafiki Kijana Aliyefariki Ghafla

Mtu anapofariki akiwa mzee, mara nyingi huwa amekwisha kusimulia maisha yake mwenyewe, amewapa watoto na wajukuu nafasi ya kumuuliza waliyotaka kuyajua, na pengine amepanga hata nani achukue kitu gani. Kijana anayefariki ghafla haachi chochote kati ya hayo. Maisha yake hubaki vipande vipande kwa watu mbalimbali: wazazi wanamjua mtoto waliyemlea, ndugu wanamjua mtu wa nyumbani, wafanyakazi wenzake wanamjua mtu wa saa za kazi, na wewe rafiki unamjua mtu aliyekuwa akijifunza kuwa mtu mzima, mwenye mipango ambayo hakuwa tayari kumwambia mzazi na hofu ambazo hakupenda ndugu zake wazione. Kipande hicho kiko kwako peke yako, au kwenu wachache, na msipokihifadhi ninyi hakuna mwingine wa kukihifadhi.

Ninayoyaeleza hapa nimejifunza baada ya kufiwa na rafiki yangu aliyekuwa na umri wa miaka 27. Tuliandikiana asubuhi juu ya jambo dogo tu, na kabla ya jioni nikapigiwa simu. Mengine niliyafanya kwa wakati, mengine nilichelewa, na yale niliyochelewa ndiyo nitakayoyaeleza kwa kirefu zaidi.

Vitu vinavyopotea haraka

Katika siku za kwanza huna nguvu ya kupanga jambo kubwa, wala hutakiwi kulipanga. Kuna kazi moja tu isiyosubiri, nayo ni kuokoa sauti, picha na maandishi ambayo yatafutika yenyewe. Ikiwa alikuwa akitumia WhatsApp, alichoweka kwenye stetasi yake hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo kinakili siku hiyohiyo ulipopata habari. Kama mazungumzo yenu yalipangwa yafutike yenyewe, iwe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, usidhani kwamba kuuzima mpangilio huo sasa kutauokoa ujumbe uliokwisha kutumwa. Huo utaendelea kufutika kwa muda wake, na njia ya uhakika ni kuunakili kabla muda haujafika. Akaunti yake isipotumiwa kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na picha aliyoichagua mwenyewe imwakilishe hupotea pamoja nayo. Mazungumzo yaliyomo ndani ya simu yako hayafutiki kwa sababu hiyo, lakini simu huibwa, huanguka majini na hubadilishwa. Tumia sehemu ya kuhamisha mazungumzo, chagua yatoke pamoja na picha na sauti, kisha weka nakala mahali pawili tofauti, angalau pamojawapo pakiwa nje ya simu. Fungua faili ulilopata uone linaanzia tarehe gani, kwa maana mazungumzo marefu sana hayatoki yote kwa mara moja, na sauti za zamani huenda ukalazimika kuzihifadhi moja moja.

Ninaitanguliza sauti kuliko picha kwa makusudi. Picha za kijana wa leo hazikosekani, na hata usipokuwa nazo wewe atakuwa nazo mwingine. Sauti yake, hata hivyo, imo katika vijiujumbe alivyowatumia watu akiwa njiani, vyenye kelele za magari nyuma, akisema amechelewa au akiuliza ufunguo umewekwa wapi. Mimi nilikuwa na ujumbe wake mrefu wa sauti ambamo alikuwa akisimulia jambo huku akicheka kiasi cha kushindwa kumaliza, na niliufuta miezi kadhaa kabla ya kifo chake ili nipate nafasi kwenye simu. Uliobaki ni mmoja wa sekunde 11, akiniuliza kama nimefika salama. Nimeuweka mahali patatu.

Ukishahifadhi ulivyo navyo, waandikie marafiki wengine na uwaombe wafanye vivyo hivyo. Picha waombe wazitume kama nyaraka, kwa sababu zikitumwa kwa njia ya kawaida ya ujumbe ubora wake hupungua na baadaye hazitafaa kuchapishwa kwa ukubwa. Kila picha iambatane na mwaka, mahali, na majina ya waliomo. Jambo hili huonekana halina maana leo, wakati kila mtu anamjua kila mtu pichani. Baada ya miaka 15 mtakuwa mkibishana kuhusu yule aliyesimama pembeni.

Kuhusu akaunti zake, usiingie hata kama unaijua nywila yake. Alikupa akiwa hai kwa sababu fulani, na sababu hiyo imekwisha naye. Uamuzi ni wa familia, na unachoweza kufanya ni kuwaeleza yaliyopo, hasa ikiwa wazazi hawajazoea mambo hayo. Facebook huweza kuigeuza akaunti iwe ya ukumbusho baada ya kupelekewa uthibitisho wa kifo, na ikishageuzwa hakuna anayeweza kuingia tena kwa nywila, ingawa yale aliyoyaandika hubaki wazi kwa walioweza kuyaona. Apple, tangu Desemba 2021, imewawezesha watumiaji kumteua mtu wa kurithi picha na mafaili yao, lakini mteule huyo huhitaji ufunguo maalumu pamoja na cheti cha kifo. Google ina utaratibu wa kufuta akaunti zisizotumika kwa miaka 2, na ufutaji huo ulianza Desemba 2023. Familia inayodhani kwamba picha za mtoto wao zitakaa huko daima inapaswa kulijua hilo mapema.

Andika kabla simulizi hazijalainika

Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alieleza kilichotokea alipowasomesha watu hadithi ngeni kwao na kuwataka waisimulie tena baada ya muda. Kila walivyoirudia, hadithi ilifupika, yale yasiyo ya kawaida yalitoweka, na yaliyobaki yalifanana zaidi na mambo waliyokwisha kuyazoea. Marehemu hutendewa hivyohivyo bila mtu yeyote kukusudia. Katika wiki ya kwanza watu husimulia habari zenye pembe na makunyanzi. Kufikia mwaka wa pili wote wanasema alikuwa mcheshi, mkarimu, mwenye kupenda watu, maneno ambayo yangemfaa kijana yeyote aliyewahi kuzikwa. Kwa sababu hiyo daftari la kumbukumbu zake lianze mapema, hata kama sentensi zitakuwa mbovu.

Weka sharti moja: sifa isiandikwe bila tukio. Ukijikuta umeandika kwamba alikuwa mkarimu, futa, ujiulize uliuona ukarimu huo siku gani, mikono yake ilikuwa ikifanya nini, alisema neno gani. Rafiki yangu alikuwa na tabia ya kupiga mluzi mfupi kabla ya kubisha hodi, ili mwenye nyumba ajue ni yeye na asihangaike kuvaa vizuri. Alikuwa akitembea upande wa barabara wenye magari, mimi upande wa ndani, na nilichukua miaka kugundua kwamba haikuwa bahati. Alikuwa akirudisha vitabu alivyoazima vikiwa na karatasi ndogo ndani, yenye swali moja kwa mwenye kitabu. Mambo hayo matatu yananipa mtu mzima, mwenye mwendo na pumzi. Neno mkarimu halinipi kitu.

Ukikwama, andika juu ya mambo ya mwili na ya desturi zake ndogo: alivyokaa, alivyokula, alivyokasirika na ilimchukua muda gani kupoa, maneno aliyopenda kuyarudia, neno alilolikosea kila siku, namna alivyoanza ujumbe na namna alivyoumaliza. Andika alichokuwa akikipanga. Kijana anayekufa ghafla hufa katikati ya jambo, na mipango yake ni sehemu kubwa ya maisha yake kama ilivyo historia kwa mzee: chuo alichotaka kuomba, mtu aliyetaka kumposa, deni alilokuwa analipa kidogo kidogo, lugha aliyokuwa akijifunza. Andika pia juu ya ugomvi wenu. Nilisita sana kwenye hilo, kwa kuwa tulikaa karibu miezi 4 bila kusemezana kwa sababu ambayo sasa naionea haya, lakini nilipouacha ugomvi huo nje ya daftari niliona kwamba mtu niliyekuwa nikimwandika alikuwa amepoteza ukaidi wake, na bila ukaidi wake hakuwa yeye.

Yapo mambo ambayo hutayaandika, au utayaandika na kuyaweka mbali. Siri aliyokukabidhi haigeuki kuwa mali yako kwa sababu amefariki. Kipimo ninachokitumia ni kujiuliza kama angekubali mama yake aisome. Kama jibu ni hapana, basi haimo katika nakala itakayosomwa na wengine.

Mahali pa familia na mahali pako

Usitangaze kifo kabla hujajua kwamba wa karibu wote wameambiwa. Wapo watu waliopata habari za kifo cha ndugu yao kutoka kwa picha yenye mshumaa iliyowekwa na rafiki aliyekuwa na nia njema, na jeraha hilo haliponi upesi. Hali kadhalika chanzo cha kifo kitajwe na familia, kwa maneno yao, kwa kiasi wanachotaka. Kama kijana amejiua, uangalifu uongezeke: Shirika la Afya Duniani limekuwa likiwashauri waandishi wa habari wasieleze njia iliyotumika, wasilipambe tendo, na wasilipe sababu moja rahisi, na ushauri huo unamfaa pia rafiki anayeandika ukumbusho, kwa kuwa miongoni mwa wasomaji wake huenda yumo kijana mwingine aliye ukingoni.

Unapokwenda kuwaona wazazi, nenda na kitu kimoja mkononi: picha ambayo hawajawahi kuiona, au kisa kimoja kifupi. Usiende na maelezo ya jinsi wewe unavyoumia. Nilimwambia mama yake habari za mluzi ule, na aliniambia kwamba alikuwa akiupiga tangu akiwa mtoto, akitoka shule, ili afunguliwe mlango. Tukawa kila mmoja amempa mwenzake nusu ya jambo ambalo alidhani analijua lote. Tangu hapo naamini kwamba kazi kubwa ya rafiki kwa wafiwa ni kuwapelekea habari mpya za mtu ambaye walidhani hatakuwa na habari mpya tena.

Mtaje kwa jina lake. Watu wengi huliepuka jina la marehemu mbele ya wazazi wakidhani wanawaepusha na machozi, ilhali wazazi wenyewe hawajaacha kumfikiria hata saa moja.

Ukiombwa kuzungumza

Dakika tano zinatosha, na tatu ni bora. Andika maneno yako yote kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa sababu macho yenye machozi hayasomi maandishi madogo, na mpe mtu mmoja nakala ili aendelee pale sauti yako itakapokatika. Chagua kisa kimoja kutoka kwenye daftari, ukisimulie tangu mwanzo hadi mwisho, kisha ukae. Epuka kutoa maelezo ya kwa nini amekufa mapema. Hilo waachie viongozi wa dini walioalikwa na familia. Epuka pia kushindana na wengine kwa ukaribu. Sentensi inayoanza kwa kusema kwamba wewe ndiye uliyemjua kuliko wote itamuumiza mtu fulani aliyeketi mbele yako. Kicheko kikitokea, usikikatishe.

Huzuni isiyo na kiti

Msiba una utaratibu wa kuwaketisha watu: wazazi, mwenzi, watoto, ndugu. Rafiki hana kiti kinachojulikana. Hapewi likizo kazini, hapelekewi rambirambi, na baada ya siku chache hutarajiwa awe amerudi katika hali yake. Mwaka 1989 msomi wa Marekani Kenneth Doka aliandika juu ya huzuni ya namna hii, ile ambayo jamii haiitambui waziwazi wala haiipi nafasi ya kuombolezwa, na rafiki ni miongoni mwa wanaopatwa nayo mara kwa mara. Ninaitaja kazi yake kwa sababu nilipokea faraja kujua kwamba lililokuwa likinipata limekwisha kuonwa na kupewa jina na wengine kabla yangu.

Vilevile usijipime kwa zile hatua tano za huzuni zinazotajwa mara nyingi. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe, na wafiwa wengi hawazipitii kwa mpangilio wowote. Maelezo yaliyonifaa zaidi ni ya watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut, ambao mwaka 1999 walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kuikabili huzuni yake na kushughulikia maisha yanayoendelea, na kwamba kwenda na kurudi huko ndiko kunakomwezesha kumudu. Kwa hiyo siku utakayojikuta umecheka, au umefanya kazi tangu asubuhi hadi jioni bila kumkumbuka, hujamsaliti.

Kifo cha ghafla huacha hesabu zisizofungwa: simu ambayo hukuipokea, ujumbe ambao hukuujibu, ahadi ya kukutana uliyoiahirisha. Hatia hiyo usibishane nayo kichwani, maana kichwani haina mwisho. Iandike kama barua kwake, ukitaja tarehe na jambo lenyewe, kisha usome tena mazungumzo yenu ya miaka yote. Utaona ni mara ngapi yeye naye hakupokea simu yako, na jinsi ambavyo hakuna kati yenu aliyehesabu.

Iwapo baada ya miezi mingi bado huwezi kula, kulala au kufanya kazi, na tamaa ya kuwa naye inakutawala kila siku, mtafute daktari au mshauri nasaha. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, linaitambua huzuni ya muda mrefu inayodumu zaidi ya miezi 6 na kuharibu maisha ya mtu kuwa hali inayohitaji tiba. Na kama unafikiria kujidhuru, usisubiri mwezi wala wiki. Mwambie mtu leo.

Ukumbusho unaofanana naye

Watu wengi hukimbilia kuanzisha mfuko au taasisi yenye jina la marehemu, na kwa shauri langu wasubiri mwaka mmoja. Taasisi hutaka fedha, mahesabu na viongozi, na marafiki ambao wangefarijiana huishia kugombana. Anzeni na jambo dogo mnaloweza kulifanya mkiwa watatu. Kama alifariki kwa moyo kusimama, jifunzeni pamoja huduma ya kwanza: namna ya kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, hadi msaada ufike. Ikiwa madaktari waliona kwamba ugonjwa wake wa moyo ni wa kurithi, mkumbushe ndugu mmoja wa familia, kwa upole na kwa faragha, kuuliza kama wazazi na wadogo zake wapimwe. Kama alikufa barabarani, fahamuni kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba mkanda na kofia ngumu ni ukumbusho mnaoweza kuuvaa kila siku.

Jambo dogo huweza kukua lenyewe. Cleve Jones, mwanaharakati wa San Francisco nchini Marekani, alitengeneza kipande cha kitambaa kwa ajili ya rafiki yake Marvin Feldman, aliyefariki kwa UKIMWI mwaka 1986, chenye urefu wa futi 6 na upana wa futi 3, takriban ukubwa wa kaburi. Watu wengine wakaanza kutengeneza vya marehemu wao, na Oktoba 1987 vipande 1,920 vilitandazwa chini pamoja mjini Washington. Kile cha kwanza kilikuwa cha mtu mmoja kwa rafiki mmoja.

Miaka inayofuata

Tia kwenye kalenda tarehe mbili, ya kuzaliwa kwake na ya kufariki, na wiki moja kabla ya kila moja ujiandikie kumbusho. Mwaka wa kwanza wazazi watapata simu nyingi. Kuanzia wa tatu zitakuwa chache, na hapo ndipo yako itakapohitajika. Huna haja ya maneno mengi. Mimi humwandikia mama yake kisa kimoja kila mwaka siku ya kuzaliwa kwa mwanawe, kutoka kwenye daftari, na ninavigawa kwa uangalifu ili visiishe. Ameniambia kwamba anavichapisha na kuviweka katika bahasha moja.

Utafika mwaka ambao utampita umri, hata kama alikuwa mkubwa kwako. Nilikuwa mdogo wake kwa miezi 7, na siku nilipompita sikuwa nimejiandaa. Nilishangaa kwamba sasa mimi ndiye mkubwa, na kwamba yule niliyezoea kumuuliza mambo amebaki na miaka 27. Hesabu siku hiyo mapema. Ikifika, lifungue daftari kwenye ukurasa usioandikwa kitu, uandike tarehe na umri wako juu, kisha umweleze yaliyotokea tangu alipoondoka: nani ameoa, nani amehama, nani amepata mtoto na amempa jina gani, na wimbo gani anaoupenda sasa kila mtu ambao yeye angeuchukia.